Tanga inahitaji namba yake ya tetemeko

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto inapanda kona baada ya kona kwenye ukuta wa mlima. Ukuta huo, ukingo wa Usambara ya Magharibi unaolitazama bonde la Mkomazi na Pangani, ulitokana na ardhi kukatika, upande mmoja ukainuka na mwingine ukashuka. Bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, lina asili hiyo hiyo. Kwa hiyo Mkoa wa Tanga, ambao wakazi wake wengi wanayahesabu matetemeko kuwa habari za Bukoba, Rukwa na Manyara, umechongwa na nguvu zile zile zinazotikisa huko.

Sisemi haya kutia watu hofu. Kukatika huko kulianza mamilioni ya miaka iliyopita, na Tanga si Rukwa. Ninachouliza ni swali la kiufundi ambalo jibu lake linaamua maisha ya watu: tunapojenga Tanga, jengo lihesabiwe kustahimili mtikisiko wa kiasi gani? Kwa nyumba nyingi zinazopanda sasa kuanzia Kange hadi Mabokweni, jibu la vitendo ni sifuri. Naamini sifuri si sahihi. Jibu la Japani nalo si sahihi kwetu, kwa sababu lingetufanya tulipie chuma tusichokihitaji. Kati ya hayo mawili kuna namba, na njia ya kuitafuta inajulikana.

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, muda mfupi baada ya saa mbili, pwani ilitikisika. Kitovu kilikuwa baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, na ukubwa ulikaribia 6. Lilisikika Dar, Unguja, hata Mombasa, na watu waliokuwa kwenye maghorofa walishuka ngazi mbio. Madhara yalikuwa madogo. Miaka minne kabla yake, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9, yaani karibu sawa na hilo, lilipiga Kagera. Watu zaidi ya kumi na tano walifariki, maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya hadi ikabidi zijengwe upya. Moja lilitokea mbali baharini, jingine karibu na kuta za watu. Mkao huo wa vitovu haukupangwa na mtu, na hakuna kanuni ya maumbile inayosema tetemeko la pwani lazima kila mara lijiweke mbali na nchi kavu.

Chanzo cha yote ni bara lenyewe kugawanyika. Upande wa mashariki, bamba la Somalia (kipande kikubwa cha gamba la dunia), unajitenga na bara kwa milimita chache kila mwaka. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linateremka kutoka Kenya, linafika Natron, ambako mwaka 2007 matetemeko yaliandamana kwa wiki kadhaa, kisha linatawanyika kaskazini mwa Tanzania kama vidole. Kidole kimoja kinaelekea Manyara, na kingine kinafuata bonde la Pangani, kuja kwetu. Baharini nako kuna mipasuko inayotoka upande wa Msumbiji kupanda kaskazini, na Pemba imetenganishwa na pwani ya Tanga na mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Tanga imekaa katikati ya hayo.

Sasa nieleze namba hiyo hupatikanaje, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo mengi hupotea. Modeli ya hatari ya tetemeko haitabiri siku wala saa. Njia inayotumika hadi leo iliwekwa na mhandisi wa Marekani, Allin Cornell, mwaka 1968. Unachora kwanza vyanzo vyote vinavyoweza kukufikia: mipasuko inayojulikana, na maeneo ambayo matetemeko hutokea bila mpasuko wake kuonekana juu. Kila chanzo unakihesabia kasi yake ya kuzaa matetemeko kwa kanuni ya Gutenberg na Richter, inayosema kwamba katika eneo moja, kwa kila tetemeko la ukubwa wa 6 utapata kama kumi ya ukubwa wa 5 na kama mia ya ukubwa wa 4. Hesabu ya madogo, yanayotokea mara kwa mara, inakupa makadirio ya makubwa ambayo hujayaona. Halafu unakadiria mtikisiko unavyopungua kadiri unavyosafiri kutoka kwenye chanzo hadi kwenye kiwanja chako. Mwisho unajumlisha mchango wa kila chanzo, kila ukubwa na kila umbali, kila kimoja kwa uwezekano wake.

Kinachotoka ni sentensi ya namna hii: katika kiwanja hiki, kuna uwezekano wa asilimia 10 kwamba ndani ya miaka 50 mtikisiko utazidi kiwango fulani. Wahandisi hukiita kiwango cha miaka 475. Haina maana kwamba tetemeko litakuja kila baada ya miaka 475. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano ni moja kwa 475, takribani asilimia 0.2, na ukiuhesabu kwa miaka 50 mfululizo unapata asilimia 10. Tetemeko linaweza kuja mwaka wa kwanza baada ya kupiga plasta.

Ramani za namna hiyo zinazotugusa zipo. Katika miaka ya 1990 mradi wa kimataifa ulichora ramani ya hatari ya dunia nzima, Afrika Mashariki na Kusini ikiwemo. Baadaye taasisi ya Global Earthquake Model, yenye makao Pavia nchini Italia, iliratibu modeli mpya ya Afrika kusini mwa Sahara, na programu yake, OpenQuake, ni ya bure na iko wazi kwa yeyote. Mwanafunzi wa Dodoma au Dar es Salaam anaweza kuiendesha kwenye kompyuta yake leo. Kwenye ramani hizo rangi kali hufuata Bonde la Ufa, na pwani yetu hupata rangi iliyopoa. Siipingi rangi hiyo. Ninachopinga ni kuisoma kama ruhusa ya kusahau jambo lenyewe, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni umri wa kumbukumbu. Vipimo vya matetemeko duniani vina historia ya miaka mia na ushei, na kwa Afrika Mashariki vituo vya kutosha vimekuja juzi. Tetemeko kubwa kuliko yote tunayoyajua katika ukanda huu, lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lenye ukubwa wa takribani 7.4, lilitokea wakati vyombo vilikuwa vichache na viko mbali. Linganisha na Kagera: tofauti ya 1.5 kwenye kipimo ina maana nishati karibu mara 180. Sasa tunataka kujua mtikisiko wa miaka 475 kwa kutumia daftari lisilofika theluthi ya muda huo, na katika daftari lenyewe matetemeko madogo ya zamani hayakuandikwa kwa sababu hapakuwa na chombo cha kuyasikia. Eneo lisilo na kituo cha kupimia huonekana tulivu kwenye orodha hata kama si tulivu ardhini. Pwani yenye rangi iliyopoa inaweza kuwa tulivu kweli, inaweza pia kuwa haikusikilizwa, na kwa orodha hii peke yake huwezi kuzitenganisha hali hizo mbili.

Ardhi yenyewe ina daftari refu zaidi, na ukurasa wake mmoja umefunguliwa hapa hapa mkoani. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya uchimbaji wao kwenye ghuba ya Pangani: tabaka la mchanga lililoletwa na tsunami kama miaka 1000 iliyopita, ndani yake mifupa ya watu wa makazi ya Waswahili wa wakati huo. Wimbi la namna hiyo huzaliwa mbali, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo halitupi namba ya mipasuko ya Usambara. Tsunami ina hesabu yake tofauti. Lakini linatuonyesha kwamba jambo zito linaweza kupita hapa na likafutika kwenye simulizi, hata wajukuu wakaapa kuwa halikuwahi kutokea. Ningependa kuona kazi kama hiyo ya kuchimba na kupima umri ikifanywa kwenye kingo za Lwengera na Mkomazi, kujua mara ya mwisho mipasuko ile ilisogea lini. Kwa modeli ya Tanga, handaki moja la utafiti lililochimbwa mahali sahihi lina thamani kuliko kurudia hesabu kwa orodha ile ile.

Sababu ya pili ni udongo, na hapa ndipo naona Tanga ingeweza kufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo. Ramani ya bara zima huhesabu mtikisiko kama kila mtu anaishi juu ya mwamba. Raskazone, pale bahari inapokata mwamba wa matumbawe ya kale, dhana hiyo inakaribia ukweli. Nenda midomo ya Mkulumuzi na Sigi, au Pangani mjini kando ya mto, ukute tope la mikoko na mchanga uliolundikwa na maji kwa karne nyingi. Mawimbi ya tetemeko yakiingia kwenye udongo laini hupunguza mwendo na kuinuka. Kiwanja kimoja kinaweza kutikisika mara kadhaa zaidi ya kingine, na vyote viko ndani ya mji mmoja na tetemeko ni moja.

Funzo kubwa la jambo hili lilitokea Mexico. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu. Mitaa iliyo juu ya mwamba ilipata hasara ndogo. Mitaa iliyo juu ya tope la ziwa la kale iliangamia, na waliokufa walikuwa maelfu. Tena majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya kimo cha kati, ya ghorofa 6 hadi 15 hivi. Jengo ni kama mnazi: mrefu huyumba taratibu, mfupi hutikisika haraka. Kwa kadirio la haraka la wahandisi, kila ghorofa huongeza sehemu ya kumi ya sekunde kwenye muda wa jengo kuyumba mara moja, na udongo nao una mwendo wake wa kuyumba. Mwendo wa tope la Mexico ulipolingana na mwendo wa maghorofa yale, kila wimbi liliongeza nguvu juu ya lililotangulia. Ndiyo maana tetemeko la mbali si lazima liwe tetemeko dogo kwa mtu aliyejenga ghorofa juu ya tope.

Udongo hupimwa. Wahandisi hutazama kasi ya mawimbi katika mita 30 za juu: kwa kanuni za Ulaya, zaidi ya mita 800 kwa sekunde ni mwamba, chini ya 180 ni udongo laini wa kuogopwa. Kuna hata njia ya kuweka kipima mtetemo kimoja ardhini kwa nusu saa hivi na kurekodi mtetemo mdogo usiokoma, unaotokana na mawimbi ya bahari na magari ya barabarani, kisha kukadiria udongo unapenda kuyumba kwa mwendo gani. Haihitaji baruti wala kuchimba. Timu ndogo inaweza kupita Ngamiani barabara moja baada ya nyingine, kisha Chuda, Sahare na Mwahako, ikarudi na ramani ya udongo wa jiji. Iongeze Amboni, ambako mawe ya chokaa yameliwa na maji hadi yakawa mapango, maana mwamba wenye uwazi chini ya msingi si mwamba wa kutegemea.

Kuna chanzo kingine cha taarifa za udongo ambacho kinaniumiza nikikifikiria. Kila mradi mkubwa huchimba mashimo ya kupima udongo kabla ya kujenga: gati za bandari, madaraja, matangi. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, bomba ambalo njiani linapita Kagera ile ile ya 2016. Miradi ya kiwango hicho haifadhiliwi bila vipimo vya ardhi. Lakini ripoti ya udongo kwa kawaida hubaki kwa mwenye mradi na mshauri wake, na mtu anayejenga ghorofa mtaa wa pili anaanza upya, au haanzi kabisa. Halmashauri ya Jiji ingeweka sharti moja kwenye kibali cha ujenzi, kwamba nakala ya vipimo vya udongo iwasilishwe na iingizwe kwenye kumbukumbu inayosomwa na wote, ndani ya miaka michache tungekuwa na picha ya ardhi ya Tanga ambayo hakuna fedha za utafiti zingetupatia.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Watu wanajenga kwa kudunduliza, tofali mia leo, mifuko mitano ya saruji mwezi ujao. Mafuriko na malaria vinaua kila mwaka, na tetemeko la Tanga halina hata jina. Kwa nini tumtwishe mwananchi mzigo mwingine? Tena majengo yetu huanguka bila tetemeko. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam likaua watu 36, na Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Siku hizo ardhi ilikuwa imetulia kabisa.

Mimi nasoma matukio hayo kinyume. Jengo lisiloweza kubeba uzito wake siku ya utulivu halitastahimili hata mtikisiko mdogo, na mambo yanayoliponya katika hali zote mbili ni karibu yale yale. Ndiyo sababu sidai Tanga ibebe kanuni za nchi za matetemeko makali. Kanuni za Ulaya zenyewe zina daraja kwa maeneo ya hatari ndogo: mtikisiko juu ya mwamba usiozidi asilimia 8 ya nguvu ya mvutano wa dunia huruhusu usanifu mwepesi zaidi, na usiozidi asilimia 4 huondoa sharti kabisa. Kujua Tanga iko upande gani wa mistari hiyo, mtaa kwa mtaa, ni jambo la shilingi halisi. Kanuni hizo pia hupandisha mzigo wa kuhesabiwa kwa asilimia 20 kwenye shule na asilimia 40 kwenye hospitali. Utaratibu huo ni wa haki, na sioni kwa nini usiwe wetu.

Pia modeli hukosea, na lazima tujenge tukijua hilo. Japani, nchi yenye mtandao wa vipimo kuliko nyingi duniani, ilipigwa tarehe 11 Machi 2011 na tetemeko la ukubwa wa 9.0 mahali ambapo ramani zake za hatari hazikutarajia ukubwa huo. Wataalamu wenyewe hawatoi jibu moja. Huchora kile wanachokiita mti wa mantiki, kila tawi likiwa na dhana yake na uzito wake, kisha hutoa wastani pamoja na upana wa shaka. Namba ya Tanga itakuja na upana mkubwa. Kwa hiyo namba itumike kupanga nguvu ya jengo, lakini kinachookoa watu namba ikikosea ni namna jengo linavyoharibika: lipinde na kupasuka likiwa bado limesimama, lisikatike ghafla.

Hilo liko mikononi mwa fundi. Nguzo ya zege ina nondo za kusimama na ringi zinazozifunga. Ringi zikiwekwa mbali mbali, na ncha zake zikaachwa zimekunjwa pembe mraba tu, mtikisiko ukimenya zege la nje ringi hufunguka na nondo hubinuka. Zikisogezwa karibu karibu juu na chini ya nguzo, na ncha zikakunjwa hadi ziingie ndani ya zege, nguzo hiyo hiyo hushikilia. Nondo zinazoongezeka ni chache, kinachoongezeka zaidi ni jasho la kukunja. Kwenye nyumba ya tofali ya kawaida, kuta ziinuliwe kwanza, kisha nguzo ndogo za zege zimwagwe kwenye kona zikishikana na meno ya tofali, na lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, si vipande juu ya madirisha tu. Ile pembetatu ya ukuta inayofuata mlalo wa paa ifungwe kwenye kenchi, kwa kuwa ikisimama peke yake huanguka mapema.

Halafu kuna tabia mbili za mji wetu zinazonitia wasiwasi zaidi. Moja ni ghorofa ambayo chini yote ni fremu za maduka, nguzo nyembamba na uwazi mtupu, juu ni vyumba vyenye kuta nzito. Mtikisiko ukija, kuyumba kote kunakusanyika kwenye ile sakafu tupu ya chini. Kuta kamili mbili au tatu zikiachwa kutoka msingi hadi juu, pande zote mbili za jengo, zinabadilisha hatima yake. Ya pili ni mchanga wa baharini. Chumvi yake hula nondo, na pwani hii hewa yenyewe tayari ina chumvi. Nondo iliyoliwa na kutu haipindi tena, hukatika. Jengo lililochorwa vizuri mwaka wa kwanza linaweza kuwa jengo jingine kabisa mwaka wa thelathini, na hesabu zote nilizoeleza juu zinahusu miaka 50.

Nani afanye haya? Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina jukumu la vipimo vya matetemeko, na kituo cha kudumu chenye data ya wazi mkoani Tanga kingeanza kujaza daftari letu. Shirika la Viwango na Bodi ya Usajili wa Wahandisi wana uwezo wa kuigeuza namba kuwa kanuni. Lakini kanuni inayokaa Dodoma na Dar haimfikii fundi wa Muheza. Madarasa na zahanati nyingi sasa hujengwa na mafundi wa hapo hapo kijijini, kwa michoro ya serikali, chini ya kamati za wananchi. Mfumo huo wengine wanaulaumu, mimi naona ndio mlango wetu. Mchoro wa darasa ukishaingizwa ukurasa mmoja unaoonyesha mkunjo wa ringi, kona ya nguzo, mzunguko wa lenta na ufungaji wa kenchi, kwa vipimo na kwa Kiswahili, fundi atakayejenga darasa hilo atajenga na nyumba ya jirani kwa namna hiyo. Ukurasa huo hauhitaji kusubiri modeli ikamilike. Unaweza kuwekwa kwenye michoro ya madarasa ya bajeti inayokuja, na namba ya Tanga ikipatikana, isahihishe umbali wa ringi na unene wa nondo.